Magunia Sebuleni

Mahindi ya vuli hayana subira. Kitui yanakauka shambani mwezi wa pili, na yakichelewa kidogo tu yanakutana na masika. Katikati ya mvua hizo mbili ndipo familia inapaswa kuvuna, kuambua maganda, kupukuchua, kuanika, kupepeta na kuweka. Wageni hudhani kwamba taabu ya Ukambani ni ukosefu wa mvua peke yake. Mvua ikija siku isiyo yake hufanya kazi ileile ya ukame, tena ikiwa imekuonyesha chakula kwanza.

Mwanzoni mwa 2024 chakula kilionekana. Tulikuwa tumetoka kwenye misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, miaka ambayo mama alipanda, akangoja, akang'oa mabua makavu, akapanda tena. Kisha El Niño ya mwisho wa 2023 ikamwaga. Shamba letu liko kusini ya mji wa Kitui, upande wa kuelekea Mutomo, ardhi nyekundu yenye mawe mengi kuliko udongo, na safari hii lilizaa mpaka mjomba akawa analizunguka jioni, mikono nyuma, akiyatazama mabua yaliyobeba mahindi mawili mawili. Ndengu nazo zilijaa. Mama hakusema kitu. Alikwenda sokoni akanunua magunia mapya na turubai moja kubwa la bluu kwa pesa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya dawa yake ya presha.

Msimu huohuo dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Makueni. Wakwe walikuwa wametuma habari kwamba watakuja Jumamosi ya Pasaka kuleta ntheo. Asiyekuwa Mkamba ajue tu kwamba ntheo ni mbuzi watatu, na kwamba bila mbuzi hao wazee hawakubali kuwa kuna ndoa, hata kama wawili wameishi pamoja mpaka wakawa na wajukuu. Mahakama za Kenya zimewahi kuwaulizia mbuzi hao zilipokuwa zikiamua nani ni mjane halali na nani si mjane. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mambo mawili makubwa, chakula na harusi, na yote mawili yalikuwa yanahitaji sebule moja.

Mvua ilianza usiku, bila ngurumo. Mahindi yalikuwa yamekaa juani siku chache tu, yamelala uani chini ya turubai, na upepo ulilifunua turubai kabla mtu hajaamka. Mama ndiye aliyesikia. Alitoka na taa ya sola shingoni, akiwa ameshika debe mikono miwili, akatuita kwa majina yote, ya walio hai na ya kaka zetu waliotangulia, maana katika haraka ile alikuwa anawataka wote. Tulizoa kwa sufuria, kwa karai, kwa shuka. Wapwa wangu walifunga magunia na kuyaburuta ndani, la kwanza ukutani, la pili juu yake, mpaka dirishani. Yaliyozolewa mwisho yalikuwa yamelowa kabisa, lakini hakuna aliyekuwa akitazama lipi limewekwa wapi.

Hapo kale yangekwenda kwenye ikumbi, ghala la fito lililoinuliwa kwa miguu ya mbao, ambalo hewa hupita chini na pembeni. Letu lilikuwa bado limesimama nyuma ya jikoni, lakini nyasi za paa zilikuwa zimeoza. Watu wengi huku waliacha ghala za uani njaa zilipokaribiana na wezi wakazidi. Chakula kikahamia ndani ya nyumba, kikalala na wenyewe. Ni hofu inayoeleweka. Njaa ya miaka ya 1980 ambayo Wakamba waliipa jina Nikw'a Ngwete iliwakuta watu wana pesa mkononi na maduka hayana unga, na aliyeipitia hawezi kulala vizuri huku chakula chake kiko nje.

Basi tukaanza kuishi na magunia. Makochi yalipangwa barazani yakafunikwa nailoni. Runinga iligeuzwa ikatazama ukuta. Ili kufika chumba cha mama ilibidi upite kwa ubavu, ukiwa umevuta tumbo. Watoto walilala juu ya magunia na kuamka na alama za kamba mashavuni. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni akazungumza nasi kutoka huko kana kwamba tumefungua duka.

Kila asubuhi mama alifungua gunia moja, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatulia. Alitoa punje, akaiuma kwa gego. Punje kavu hulia ikivunjika. Yenye maji hupondeka kimya. Kisha alinusa. Mimi nilikuwa nimetoka Nairobi na maarifa ya kusoma, nikamwonyesha kipimo ambacho maafisa wa kilimo huwafundisha wakulima: chupa ya kioo iliyo kavu, chumvi kavu kidogo, punje za mahindi, unatikisa, unaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Mahindi ya kuweka yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu hivi. Mama aliitazama chupa kwa heshima, akaiweka kwenye kabati la vikombe, na tangu siku hiyo akawa anafanya vyote viwili, anauma kisha anatikisa. Sikumwona hata siku moja gego na chumvi vikitofautiana.

Jua likitoka kwa saa moja, tulitoa magunia tuliyoyafikia. Wingu likikusanyika upande wa Nzambani, tulirudisha. Kutoa, kumwaga, kugeuza kwa mguu mtupu ukivuta mistari kwenye turubai, kuzoa, kufunga, kubeba. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilimtazama mama kama mtu anayefikiri. Nililelewa nikiamini kwamba kufikiri ni kazi ya aliyeketi, na kwamba kazi ya mikono inayorudiwa ndiyo inayoiba nafasi ya akili. Lakini mama alikuwa anaamua jambo kila dakika. Alijua rundo lipi ligeuzwe sasa, lipi lisubiri, mtoto yupi asikanyage, wingu lipi ni la kweli na lipi linapita. Kila gunia lilipoingia na kutoka alikuwa anajua kitu ambacho jana hakukijua. Kazi ilikuwa ileile, yeye ndiye aliyekuwa anabadilika ndani yake. Nimesoma vitabu vingi vinavyomtaka mtu akue kwa kusafiri au kwa kujitenga. Sijakutana na kinachomtaka ageuze mahindi.

Siku mbili kabla ya wageni tuliamua kusafisha sebule. Magunia ya juu yalitoka salama. Tulipofika yale ya ukutani, ambayo mkono wa mama haukuyafikia siku zote hizo, mpwa wangu aliweka kiganja juu ya mojawapo akakiondoa haraka. Lilikuwa na joto. Mama alilifungua. Harufu ilikuwa ya kitu kilichofungiwa, na punje zilikuwa zimeshikana, zina vumbi la kijani linaloelekea umanjano. Yalikuwa magunia manne. Kwa kipimo cha nyumba yetu hicho ni chakula cha miezi.

Mjomba alinena kwanza, na hakunena upumbavu. Alisema yaoshwe, yaanikwe, yatwangwe muthokoi. Ni kweli kwamba kukoboa mahindi kwa kinu, kuondoa ganda na kiini, hupunguza sehemu ya sumu ya ukungu ule, na bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Lakini kupunguza si kumaliza, na jiko haliiui sumu ile hata ukichemsha kutwa. Alisema basi wapewe kuku. Kuku hudhurika kama watu. Ng'ombe akila, sumu hutoka naye katika maziwa. Mjomba akanyamaza, kisha akataja jambo alilokuwa amelishika tangu mwanzo. Kuna kijana wa bodaboda anayenunulia dalali mmoja sokoni, na dalali huyo haulizi maswali. Yatachanganywa na mengine na kusagwa. Nani atajua?

Mama alikaa juu ya gunia zima. Alimjibu polepole, kwa Kikamba, kwamba mwaka 2004 pia kuna waliosema nani atajua.

Mwaka huo nilikuwa shule. Mvua ilikuwa imekuja kabla ya wakati, watu wakavuna mahindi mabichi wakayaingiza ndani, kama tulivyoyaingiza sisi. Kuanzia mwezi wa nne hospitali za Makueni na Kitui zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba, wakitapika, wengine wakitoka nyumba moja. Kufikia katikati ya mwaka serikali ilikuwa imeandika wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni walikuta zaidi ya nusu ya sampuli zimepita kiwango kilichoruhusiwa nchini. Kwa maana hiyo aliyekuwa amemaliza chakula chake akaenda kununua, alinunua kifo alichokikimbia. Wataalamu waliitaja sumu hiyo, aflatoksini, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Nyumbani tuliijua kwa jina la familia moja ng'ambo ya mto ambayo ilifunga mlango wake.

Mama akasema yazikwe. Mjomba akakubali kwa kichwa, akasema atachimba shimo kesho yake. Hakuchimba. Aliyahamishia magunia kwenye ikumbi la zamani, akayafunika kwa mabati, na baadaye alitueleza mwenyewe kwamba alikuwa bado anamtumainia yule kijana wa bodaboda. Simlaumu kwa ukali. Ndiye aliyebeba maji kwa punda miaka yote ya ukame. Kila punje katika magunia yale ilikuwa imepita mikononi mwake, na kuomba mtu afukie kitu kama hicho ni kuomba kingi.

Wageni walifika Jumamosi karibu saa sita, wakiwa wamepitia Kibwezi, Ikutha na Mutomo kwa ile barabara ya lami, na mbuzi watatu nyuma ya pikapu. Uani palikuwa na tope, hema limeegemea upande mmoja. Sebule ilikuwa tupu, imedekiwa, makochi yamerudi, na bado ilinuka mahindi. Akina mama wa pande mbili walisalimiana kwa muda mrefu unaostahili. Isyo ya mahindi na maharagwe ilikuwa jikoni, na ndengu, na mchele, na chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Mpwa wangu akapewa mbuzi awafunge. Akatafuta mahali pasipo tope, akaona miguu ya ikumbi.

Tulikuwa tumeketi, wazee wameanza kuzungushana maneno, msemaji wa upande wao akiuliza kama katika boma hili kuna ua waliloliona likipita mjini Wote, wakati sauti ya bati likianguka iliposikika nyuma ya jikoni. Kisha kelele ya mtoto. Mama alikuwa wa kwanza kuinuka, kabla ya kuelewa, kwa sababu alikuwa hajaacha kuyawaza magunia yale tangu Alhamisi. Mbuzi wawili walikuwa wameingiza vichwa ndani ya gunia lililopasuka. Wa tatu alikuwa anavuta kamba aje.

Sijawahi kuona watu waliovaa vizuri hivyo wakikimbia hivyo. Mjomba aliteleza kwenye tope na suruali yake ya Pasaka. Bi harusi alimshika mbuzi kwa pembe, kitenge chake kipya kikiburutika. Mama alimfungua mbuzi mwingine taya kwa vidole akatoa punje alizokuwa hajameza, huku akimwambia maneno ambayo hata sisi watoto wake hatukuwahi kuambiwa. Wageni walisimama wakatazama. Wenyeji waliokuwa wakitafutiwa heshima kwa mbuzi hao walikuwa wanawanyang'anya chakula kinywani.

Baba wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, aliuliza ni nini. Hakuna aliyemjibu. Mama akafuta mikono akasema, "Mzee wangu, ni mahindi mabaya. Tulikuwa tuyazike jana."

Mzee aliinama, akachukua punje kiganjani, akanusa, akazirudisha. Alisema kwamba Makueni wanaijua harufu hiyo. Mwaka 2004 alimzika mke wa ndugu yake na watoto wawili katika wiki moja. Hakusema zaidi ya hapo. Alivua koti, akampa mwanawe alishike, akaomba jembe.

Mjomba ndiye aliyekwenda kulileta, na akaja na mawili. Walichimba wote wawili nyuma ya ikumbi, mahali ambapo maji hayapiti kuelekea kisimani, na vijana wa pande zote wakawapokea walipochoka. Shimo lilipofika kiunoni walimwaga magunia yote manne, wakamimina majivu ya jikoni juu, wakafukia, wakashindilia kwa miguu. Hakuna aliyekuwa ameandaa neno la kusema hapo. Kisha wakanawa, mzee akavaa koti, tukarudi ndani, na msemaji wao akaendelea na ua lake pale alipokuwa ameliacha. Mbuzi walikuwa wamekula kidogo. Tuliwapa maji, tukawatazama mpaka usiku, na hawakudhurika. Ntheo ikapokelewa.

Nimeifikiria siku hiyo sana, na kila mara hunirudisha kwa John Mbiti. Alizaliwa Mulango, hapo Kitui, mwaka 1931, na kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Afrika kilimfanya mtoto huyo wa Kitui asomwe dunia nzima. Mbiti aliyachukua Sasa na Zamani, maneno yetu ya Kiswahili, akajenga juu yake fikra ya wakati. Mwafrika wa jadi, alisema, ana Sasa anayoiishi na Zamani kubwa inayomngoja nyuma, lakini wakati ujao kwake ni mfupi mno, miezi michache, miaka miwili kwa wingi, kwa kuwa ambacho hakijatokea hakijawa kitu. Wanafalsafa wengine wa Afrika, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, walimpinga kwa hoja za lugha zao. Mimi sina hoja ya chuo. Nina jiko la mama, ambako juu ya mafiga huning'inia mahindi ya mbegu, yale yenye mistari iliyonyooka, meusi kwa moshi, yaliyochaguliwa kabla ya mtu yeyote kula. Katika misimu ile mitano ya kukosa, tulipokuwa tunanunua unga kwa gorogoro, mbegu zile hazikushushwa zikapikwa. Na nina shimo nyuma ya ikumbi.

Aliyekula mahindi yale asingekufa lazima wiki ileile. Sumu ikiwa kidogo na ikaliwa tena na tena, hulifanyia ini kazi yake ya saratani taratibu, miaka kwa miaka, kwa mtoto ambaye leo anacheza. Mtoto huyo huenda angekuwa wa Mwingi au wa Mombasa, angekula unga uliochanganywa na dalali asiyeuliza maswali, na sisi tusingemjua wala yeye asingetujua. Mama hakuwahi kukisoma kitabu cha Mbiti, lakini alichukua miezi ya chakula, baada ya miaka ya njaa, akaifukia kwa ajili ya mtu huyo na wakati huo. Namheshimu Mbiti kama mwana wa nyumbani, na ni yeye aliyenifundisha kwamba maisha ya watu wetu yanastahili kufikiriwa kama falsafa. Katika jambo hili naamini mama ameona mbali kuliko yeye. Wakati ujao wa mbali upo Ukambani. Hautajwi sana kwa sababu umefungwa ndani ya kazi, na anayetaka kuuona inambidi aingie jikoni au ashike jembe.

Na najua kwamba mtu hukua pia kwa kuweza kutupa. Tunasifu anayevumilia, anayeshikilia, anayebana. Uvumilivu huo tunao wa kutosha hapa kwetu, umetubeba. Kuachilia kitu ulichokitolea jasho, kwa kuwa kimeharibika na hutaki kimfikie mwingine, ni nguvu ambayo sikuwahi kuisikia ikisifiwa kanisani wala barazani. Niliiona kwa mjomba, jembe mkononi, suruali yake ya Pasaka ikiwa nyekundu kwa tope.

Baada ya hapo tulitengeneza ikumbi. Limeezekwa mabati, miguu yake imevishwa bati la kuzuia panya, na sehemu ya mavuno tunaiweka kwenye ile mifuko yenye nailoni ndani isiyopitisha hewa, ambayo humnyima dumuzi pumzi. Huku wanamwita Osama. Mjomba ndiye anayetembea sasa na chupa ya chumvi kwa majirani.

Dada yangu alipohamia kwa mumewe karibu na Wote, mama alimfungia mbegu katika kiondo. Baada ya wiki akapiga simu, ana wasiwasi. Kwa wakwe zake wanapika kwa meko ya gesi, jikoni hakuna moshi, na mbegu hajui azitundike wapi. Juu ya jiko zitapata mvuke tu. Mama akamwambia atafute kidumu cha lita tano, akioshe, akikaushe juani mpaka kiwe kikavu kabisa, achanganye mbegu na majivu yaliyochekechwa, akijaze hadi shingoni na kukaza kifuniko.

"Na majivu, Mwaitu, nitayatoa wapi?"

"Omba kwa jirani anayepika kwa kuni. Na umpelekee maembe."